Gemu Zimenifundisha Kutazama Kabla ya Kubonyeza

Napenda gemu za video, na nimezipenda tangu mikono yangu ilipokuwa midogo kuliko pedi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea. Watu wazima wengi wenye mapenzi haya huyataja kwa sauti ya chini kana kwamba wanaomba radhi, kisha hukimbilia kueleza kwamba gemu huchangamsha akili au huondoa uchovu wa kazi. Mimi sioni haja ya utetezi huo. Nacheza kwa sababu gemu nzuri ni kazi ya watu walioumiza vichwa, na kila ninapokaa mbele ya skrini nataka kujua walikusudia nini. Hilo ndilo nililokuja kulithamini kuliko ushindi wenyewe: ile dakika ninapoigundua sheria ambayo hakuna aliyenitamkia.

Chukua leveli ya kwanza ya Super Mario Bros., gemu ya Nintendo ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Shigeru Miyamoto. Wengi tumeipita mara nyingi mno bila kuiangalia. Mario amesimama upande wa kushoto wa skrini, uso umeelekea kulia, na kulia kwake pako wazi. Hakuna maandishi yanayokuambia uende huko, lakini utakwenda. Mara anatokea Goomba, kile kijiadui cha kahawia, anakujia polepole. Usiporuka unakufa, na kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza, hujapoteza kitu. Juu yako kuna matofali yenye alama ya kuuliza yanayometameta. Unagonga la kwanza, inatoka sarafu, unafurahi. Unagonga jingine, unatoka uyoga. Sasa uyoga huo umefanana kidogo na yule adui uliyetoka kumruka, na mgeni wa gemu angependa kuukwepa. Lakini unateleza kulia, unaanguka chini, unagonga bomba la kijani na kukurudia, wakati wewe uko chini ya matofali yanayokubana usiruke vizuri. Unakugusa, unakuwa mkubwa. Ndani ya sekunde chache umeshajua kukimbia, kuruka, kugonga, nani adui na nini msaada, na hakuna aliyekusomea maelekezo.

Tangu nilipoanza kuiona leveli ile kwa jicho hilo, sijaweza tena kucheza gemu yoyote kwa haraka haraka. Najiuliza kwa nini taa imewekwa pale, kwa nini adui huyu mgumu nimekutanishwa naye kwanza akiwa peke yake kwenye uwanja mpana, kwa nini muziki umenyamaza. Mara nyingi jibu lipo.

Gemu iliyonikolea zaidi kwa njia hii ni Pac-Man. Toru Iwatani na wenzake wa Namco waliitoa mwaka 1980, na kwa nje ni kufukuzana tu: mdomo wa njano unakula vidoti, vizuka vinne viko nyuma yake. Wachezaji wengi huishia hapo, wakiamini vizuka vyote vina akili moja na kilichovitofautisha ni rangi. Jaribu kutokula chochote kwa dakika kadhaa. Zunguka tu, huku ukimwangalia kila mmoja anavyokata kona. Utaona tabia nne. Chekundu kinalenga pale pale ulipo, hakina siri. Cha waridi kinalenga miraba minne mbele ya uso wako, ndiyo maana kila mara unakikuta kimekutangulia njiani. Cha buluu kinapiga hesabu ya nafasi yako pamoja na nafasi ya chekundu, kwa hiyo chekundu kikiwa mbali hiki cha buluu kinaonekana kama kimechanganyikiwa, ila chekundu kikikukaribia nacho kinakuwa hatari kweli. Cha rangi ya chungwa kinakufuata kikiwa mbali, na kikifika ndani ya miraba minane kinaghairi na kuelekea kona yake ya chini kushoto.

Angalia sasa hayo yanakupa nini. Kizuka cha waridi kikikujia uso kwa uso kwenye njia fupi, mwili wote unakuambia ugeuke ukimbie. Usigeuke. Kwa kuwa kinalenga mbele yako, ukikielekea wewe shabaha yake inahamia nyuma yake, na kikifika njia panda kabla yako, mara nyingi kinakata kona na kukuachia barabara. Nilipofanikiwa kulifanya hili kwa makusudi nilishangilia peke yangu chumbani. Vidole vyangu vilikuwa vile vile vya jana. Kilichobadilika ni kwamba nilishaijua akili ya aliyekitengeneza kizuka kile.

Na si hilo tu. Vizuka havikufukuzi muda wote. Kwenye leveli ya kwanza vinaanza kwa kutawanyika kwenye kona zao kwa sekunde 7, kisha vinakuwinda kwa sekunde 20, kisha vinatawanyika tena. Unaupata ule mdundo, unajua lini pa kupumua. Gemu hii ina hata mwisho ambao haukupangwa: ukifika leveli ya 256, nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na alama zilizovurugika, kwa sababu namba ya leveli imehifadhiwa kwenye baiti moja, chumba kidogo cha kumbukumbu ya mashine, na baiti haivuki 255. Napenda sana mambo kama hayo, pale mashine inapochungulia nyuma ya pazia. Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, ya mwaka 1978, inao uzuri wa namna hiyo. Wavamizi huongeza kasi kadiri unavyowapunguza, na chanzo chake kilikuwa ni kichakataji kupata wepesi kila kilipobaki na vitu vichache vya kuchora. Nishikado aliona linaleta msisimko, akaliacha. Hofu ile ya mvamizi wa mwisho anayekimbia kama mwehu imetokana na udhaifu wa chombo.

Kutazama kwanza ndiyo silaha yangu kubwa kwenye gemu ngumu. Nilijifunza hivyo ndani ya Dark Souls, gemu ya FromSoftware ya mwaka 2011 chini ya Hidetaka Miyazaki. Sifa yake kwa watu ni ukali: unakufa, unaacha roho ulizokusanya pale ulipoangukia, na ukifa tena kabla ya kuziokota zimepotea moja kwa moja. Mimi siioni kama gemu katili. Naiona kama gemu inayosema ukweli. Ardhini kuna madoa ya damu ya wachezaji wengine. Ukiligusa doa, kivuli cha mchezaji huyo kinakuonyesha sekunde zake za mwisho: alikimbilia mlango ule, akarudi kinyumenyume, akaporomoka. Hapo unajua kwamba nyuma ya mlango kuna kitu, na kwamba kinasukuma. Wengine wameacha ujumbe mfupi sakafuni wa kukuonya au kukuelekeza. Unacheza peke yako, lakini umezungukwa na watu waliotangulia kuona.

Nikikutana na bosi mpya, yaani adui mkuu wa eneo, raundi za mwanzo simshambulii kabisa. Naingia bila roho mfukoni ili nisiwe na cha kupoteza, naweka ngao mbele na kumtazama bega. Silaha hudanganya, bega halidanganyi: kabla ya pigo zito bega linarudi nyuma, na kati ya bega kurudi na pigo kufika kuna muda wa kubiringika. Ornstein na Smough, wale wawili wanaokungoja kwenye ukumbi wa nguzo, ndio walionipa somo kamili. Ornstein ni mwepesi, ana mkuki na anateleza uwanja mzima kwa mkupuo mmoja. Smough ni mnene, anaburuta nyundo. Ukiwaangalia wote kwa pamoja umekwisha. Siri iko kwenye nguzo. Ukisimama nguzo iwe kati yako na Smough, Ornstein anafika peke yake, unapata nafasi ya pigo moja, labda mawili, kisha unahama kabla nyundo haijaibomoa ile nguzo. Mmoja akifa, aliyebaki anachukua nguvu zake na kujaa uhai upya, kwa hiyo ni juu yako kuamua yupi unataka kumkabili mwishoni. Mimi humwacha Smough. Mzito ananipa muda wa kufikiri.

Kuna jambo jingine nililoliona wazi kwenye mapambano ya aina hii. Nikifika mahali vidole vimeanza kubonyeza kwa hasira, nazima na kwenda kulala. Kesho yake mara nyingi kile kilichokuwa kigumu kinapita kama vile mikono ilikuwa ikijisomea usiku. Kwa hiyo sikeshi na gemu kwa ajili ya bosi mmoja. Hainipi kitu.

Gemu za kupigana ndizo zilizonipa lugha ya kuzungumzia haya yote. Street Fighter II ya Capcom, ya mwaka 1991, na ndugu zake wengi huenda kwa picha 60 kila sekunde, na wachezaji huita kila picha fremu. Fremu moja ni kama sehemu 17 za elfu za sekunde. Kila pigo limegawanyika sehemu tatu: fremu za kuandaa, fremu za kudhuru, na fremu za kurudisha mkono. Hapo awali unaona ngumi tu. Ukishaelewa mgawanyo huo unaanza kuona deni. Mtu akirusha Shoryuken, ile ngumi ya kupaa juu, na akakukosa, yuko hewani bila kinga na lazima atue. Wewe huna haja ya haraka. Unamsubiri ashuke, unamlipa.

Ushauri ninaompa kila anayeanza ni kurekodi mechi anazoshindwa, kisha kuzitazama akiwa amekaa upande wa mpinzani. Ukijitazama mwenyewe utaona tu ulivyoonewa. Ukimtazama yeye utagundua kwamba baada ya kuangushwa wewe huamka kwa pigo lile lile, na kwamba tangu raundi ya kwanza alishakujua. Hili linauma kidogo, kisha linakuwa tamu, kwa sababu mechi inayofuata unaamka bila kufanya chochote, yeye anakinga hewa, na wewe unamkamata.

Kilele cha usomaji wa namna hiyo, kwangu, ni ile mechi ya mashindano ya Evo ya mwaka 2004, kwenye Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara alikuwa akimchezesha mpiganaji Ken, mwenye uhai wa kubakia kama uzi. Mpinzani wake Justin Wong, akimchezesha Chun-Li, akaachia shambulio kuu la mateke 15. Kukinga kawaida kungemmaliza Daigo, maana hata pigo maalumu lililokingwa humega uhai kidogo. Njia pekee ilikuwa kupangua kila teke kwa kusukuma stiki mbele wakati ule ule linapotua. Akayapangua yote, la mwisho akiwa hewani, akarudisha na kushinda raundi. Watu hushangaa kasi ya mkono wake. Mimi hurudi kutazama sekunde zilizotangulia. Daigo amekaa mbali kidogo, anatikisika mbele na nyuma, anamvuta mwenzake atumie silaha ile. Alishajua inakuja.

Tetris ni kisa kingine kabisa, kwa sababu pale hakuna wa kumsoma. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, kompyuta isiyoweza kuchora, hivyo vipande vyake vikaundwa kwa alama za mabano. Maumbo ni saba, kila moja lina miraba minne, na hayo yametosha kushughulisha dunia kwa zaidi ya miaka 40. Nilichokipata humo ni kuacha kutazama kipande kinachoanguka. Hicho kimeshaamuliwa. Macho yangu yako kwenye uso wa rundo na kwenye kile kisanduku cha kipande kijacho. Uso ukiwa tambarare una nafasi ya kukosea. Ukiwa na mashimo na minara, kila kipande kizuri kinakuja mahali kibaya.

Toleo la Nintendo la mwaka 1989 liliaminika kwa miaka mingi kuwa na ukuta leveli ya 29, kwa kuwa vipande huanguka kwa kasi ambayo ukishikilia tu kitufe cha pembeni hakifiki ukingoni kabla ya kugusa chini. Kisha wachezaji wakaanza kutetemesha kidole gumba ili kukibonyeza kitufe kwa kasi kuliko mashine inavyokirudia. Baadaye wakaja na mbinu ya kushangaza zaidi: gumba linakaa juu ya kitufe limetulia, na vidole vya mkono wa pili vinapiga ngoma mgongoni mwa pedi, hivyo ni pedi inayokifuata kidole. Desemba 2023 kijana wa Marekani mwenye miaka 13, Willis Gibson, alifika leveli ya 157 na gemu ikaganda. Ilishindwa kuendelea. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiizungumzia leveli ya 29 kama mwisho, kumbe kilichokuwa kimefika mwisho ni namna ya kushika pedi. Nafikiria jambo hilo mara nyingi ninapoambiwa kitu fulani hakiwezekani kwenye gemu.

Sikuzote nimependa kupotea, na hapa lazima niitaje Hollow Knight, kazi ya Team Cherry, timu ndogo ya Australia, iliyotoka mwaka 2017. Gemu nyingi za sasa hukuwekea ramani kwenye kona ya skrini na mshale wa kukuongoza, na macho yako yanaishia kuutazama mshale badala ya dunia. Hollow Knight inakuingiza eneo jipya bila ramani. Ukitaka ramani inabidi umtafute Cornifer, mchoraji anayezunguka mapangoni. Unaanza kwa kuona karatasi zimetapakaa sakafuni, halafu unasikia anavyojiimbia kwa puani, na sauti inakuongoza. Ramani anayokuuzia haijakamilika. Kuijazia unanunua kalamu ya unyoya, na michoro mipya inatokea tu ukikaa kwenye benchi. Hata kuona ulipo kwenye ramani kunahitaji hirizi maalumu inayokula nafasi ambayo ungeitumia kwa hirizi ya vita. Kwa hiyo kwa muda mrefu unatembea gizani, unakumbuka njia kwa alama: pale kwenye sanamu iliyovunjika, pale maji yanapodondoka. Ninazo daftari zenye michoro yangu ya maeneo kama hayo, na nazipenda kuliko picha yoyote ya skrini.

Outer Wilds, ya mwaka 2019, imelipeleka wazo hilo mbali kuliko gemu yoyote ninayoijua. Uko kwenye mfumo mdogo wa sayari, jua linalipuka baada ya dakika 22, kisha unaamka tena mwanzo. Hupati silaha, hupati nguvu, hakuna ufunguo wa kubeba. Unachotoka nacho kila mzunguko ni kile ulichokijua. Kila kinachohitajika kuimaliza kilikuwepo tangu dakika ya kwanza, kilichopungua ni ufahamu wako. Sitasema zaidi, kwa sababu gemu hii huchezwa mara moja tu maishani. Ukishajua umeshajua. Namsihi yeyote anayeianza asitafute majibu mtandaoni, na akikwama aende sayari nyingine akatazame kitu kingine.

Kuhusu ugumu, nimebadilisha sana mawazo yangu kwa sababu ya Celeste ya mwaka 2018, gemu ya kupanda mlima kwa kuruka. Ni ngumu mno, lakini watengenezaji wake wako upande wako. Ukichelewa kuruka na mguu umeshatoka ukingoni, gemu inakuruhusu kuruka bado kwa fremu chache. Ukibonyeza mapema kidogo kabla ya kutua, inalikumbuka ombi lako na kulitimiza ukigusa ardhi. Huoni chochote kati ya hivyo. Unahisi tu kwamba mikono yako inatii. Tena kuna sehemu ya mipangilio ambapo mtu anaweza kupunguza kasi ya gemu au kuongeza nguvu za mhusika, bila kudhihakiwa. Wapo wanaobishana kwamba anayetumia msaada huo hajamaliza gemu. Nakataa katakata. Mwenye mikono inayotetemeka au macho yasiyotofautisha rangi ana haki ya kufika kileleni, na nafurahi kuona gemu kubwa kama The Last of Us Part II ya mwaka 2020 zikija na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia watu wenye ulemavu. Ni kazi ngumu ya utengenezaji na inastahili sifa sawa na picha nzuri.

Ninachokiacha bila kusita ni gemu zinazouza visanduku vya bahati, ambapo unalipa pesa halisi bila kujua utapata nini. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba baadhi ya visanduku hivyo ni kamari, na mimi nakubaliana nayo. Gemu ya aina hiyo nayo imesomwa na kupangwa kwa makini, ila kinachosomwa ni wewe, udhaifu wako na saa unazochoka. Nikiona rangi zinameremeta na saa inahesabu kurudi nyuma kunihimiza ninunue, naifuta.

Nikiwa na muda hurekebisha katriji za zamani, yale makasha ya kuchomeka yenye gemu ndani. The Legend of Zelda ilipotoka kwenye katriji mwaka 1987 ilikuwa na betri ndani ya kuhifadhi safari yako, na betri hizo hufa. Unafungua kasha, unayeyusha lehemu kwenye miguu miwili ya betri, unaweka mpya ya aina ile ile, unaangalia chanya na hasi zimekaa vizuri. Kilichosevuliwa na mwenye katriji wa zamani hupotea betri ikitoka, na hilo hunifanya niangalie kwanza majina yaliyoandikwa humo, kama bado yapo, niyaandike pembeni. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena madukani kwa njia yoyote. Kazi ya watu waliokesha inapotea hivyo, na mchezaji mwenye katriji moja inayowaka anashikilia kipande chake.

Lakini somo lililonigusa kuliko yote nimelipata kwa dada yangu mkubwa, ambaye hakuwahi kushika pedi maishani. Nilimwomba tucheze It Takes Two, gemu ya mwaka 2021 ambayo haichezeki na mtu mmoja, lazima muwe wawili. Nilifikiri nimemchagulia kitu rahisi. Dakika za mwanzo mhusika wake aligonga ukuta, akazunguka, akaishia kutazama juu.

"Mdogo wangu, huyu wangu mbona anaangalia dari?"

Hapo nikaelewa jambo ambalo lilikuwa mbele yangu miaka yote. Kwenye gemu za namna hii stiki ya kushoto hutembeza na ya kulia hugeuza macho. Mtu aliyezoea hatofautishi mambo hayo mawili, anatembea na kutazama kwa pamoja bila kufikiri. Kwa asiyezoea ni kazi mbili tofauti za mikono miwili tofauti, na anapofikiria moja nyingine inasimama. Nikaanza kuyaona mengine. Hakujua kwamba ngazi yenye rangi ya njano inapandika na ile ya kijivu ni pambo. Hakujua kwamba kitu kinachometameta kinashikika. Mimi nilivijua vyote kwa sababu gemu mamia zilishanifundisha, na nilikuwa nikiviita akili ya kawaida.

Nikaacha kumwambia bonyeza hiki, bonyeza kile. Nilimtafutia uwanja mtupu usio na adui, nikamwambia, "Dada, tembea tu. Ukitaka kuona kitu, simama kwanza, kisha kitazame." Akawa anasimama, anageuza macho, anatembea, anasimama tena. Baada ya jioni kadhaa ile hatua ya kusimama ikaanza kufupika, na siku moja akakata kona ya daraja huku macho yake tayari yako upande wa pili, bila kujua kama amefanya kitu. Sikumwambia, nisije nikamharibia.

Gemu ile tuliimaliza. Katikati alikuwa akigundua mambo ambayo mimi niliyapita mbio: picha ndogo ukutani, mdudu anayepiga muziki, sehemu ya kucheza michezo midogo ambayo haina faida yoyote kwenye safari yetu. Anaitazama kila pembe kwa kuwa hakuna pembe anayoidharau. Sasa ameshika Stardew Valley, ile gemu ya shamba ambayo Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne na kuitoa 2016. Ananipigia simu kunieleza samaki gani hutoka mvua ikinyesha na mwanakijiji yupi huenda wapi siku ya Ijumaa, na amekwishaanza kuniuliza ile Pac-Man inachezwaje.